Sabufa ndogo ya kusikilizia muziki tu, chumba cha mita 4 kwa 3.2: inchi 8 au inchi 10?

Mtaa_wa_Pili

Wakuu, habari za jioni. Natafuta sabufa ya kuongezea kwenye mfumo wa muziki, si ya sinema. Ninayo ampu ya Yamaha A-S301 na spika mbili za rafu zenye koni ya inchi 5, tundu la hewa liko nyuma. Chumba ni mita 4 kwa 3.2, dari mita 2.8, kuta za tofali za saruji, chini vigae. Kochi limeegemea ukuta wa nyuma. Napiga zaidi rumba na dansi la zamani, Bongo Flava wikiendi. Sauti ni ya wastani, maana ukuta mmoja nashea na mpangaji mwenzangu.

Nafasi ya sakafuni ni sentimita 35 kwa 35, haizidi hapo. Kariakoo nimeonyeshwa mbili. Moja ni inchi 8, boksi limezibwa kabisa, imeandikwa wati 150. Nyingine ni inchi 10 yenye tundu la hewa, imeandikwa wati 500, na ndiyo ya bei rahisi. Boksi zote mbili zinaingia kwenye hiyo nafasi. Nichukue ipi? Na SUB OUT ya ampu inatosha au kuna kifaa kingine cha kununua? Natanguliza shukrani.

FundiKoili

Mkuu, kwanza igeuze hiyo ya wati 500 uisome mgongoni. Kuna maandishi yanayotaja umeme inaovuta: 230V, 50Hz, halafu wati. Ukikuta 70W au 80W, basi hizo 500 ni za PMPO, namba ya kuuzia. Ampu haiwezi kutoa mfululizo nguvu ambayo haijaivuta ukutani. Na hata zingekuwa za kweli, kutoka wati 150 kwenda 500 unaongeza desibeli 5 tu. Utaisikia tofauti, lakini usidhani ni sauti mara tatu.

Kwenye sabufa ndogo kinachoamua ni boksi. Chukua boksi la sm 35 kila upande, mbao ya MDF ya mm 18. Ndani unabaki na lita 31 hivi, toa sumaku ya spika na ampu yake, zinabaki 27. Sasa mtengenezaji akitaka tundu lifanye kazi kwenye 30 Hz kwa bomba la kipenyo cha sm 7.5, bomba hilo linatakiwa liwe na urefu wa karibu sm 49. Ndani ya boksi lenye nafasi ya sm 31 litakaa wapi? Akikunja bomba, gharama inapanda. Kwa hiyo kwenye boksi za bei rahisi hufanyika moja kati ya mawili. Ama anaweka bomba jembamba la sm 5, ambalo linaingia kwa urefu wa sm 21, lakini hewa inapita kwa kasi mpaka unasikia "fffuu" kila besi ikipiga. Ama anapandisha tundu mpaka 45 Hz, hapo bomba la sm 7.5 linatosha kwa sm 19. Hizi za pili ndizo nyingi, kwa sababu dukani zinapiga kwa kishindo na mteja anaridhika hapo hapo.

Ubaya wake ni kwamba chini ya masafa ya tundu sauti inaporomoka desibeli 24 kwa oktava (kila masafa yakipungua nusu), na koni haina tena hewa ya kuishikilia, inacheza ovyo mpaka koili inagonga. Boksi lililozibwa linashuka taratibu, desibeli 12 kwa oktava, na hewa ya ndani inaibana koni muda wote. Kwa rumba, ambako unataka kusikia gitaa la besi linatembea noti kwa noti, lililozibwa halina mpinzani.

Ila inchi 8 nayo ina kikomo chake. Ukishuka oktava moja, mfano kutoka 80 Hz hadi 40 Hz, koni lazima isogee mara nne zaidi ili sauti ibaki ileile. Koni ya inchi 8 ina eneo la sm² 220 hivi, ya inchi 10 ni kama 340. Ningekuwa nachagua mimi ningeulizia ya tatu: inchi 10, boksi limezibwa, wati 150 hadi 300 za RMS, yaani za mfululizo. Isipopatikana, chukua hiyo inchi 8. Ile ya tundu waachie.

Besi41

Naongezea upande wa chumba, maana hapo ndipo hela ya watu wengi inapotelea.

Kwa joto letu sauti inasafiri kama mita 348 kwa sekunde. Gawa kwa urefu wa chumba mara mbili: mita 4 inakupa 43.5 Hz. Mita 3.2 inakupa 54 Hz. Dari, 62 Hz. Hizo ndizo sehemu ambazo chumba chako kitavimbisha besi. Uzi mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne ni E, 41 Hz. F inayofuata ni 43.7, A ni 55, B ni 61.7. Kwa hiyo mpiga besi akipita F, A na B chumba kizima kitavuma, akienda G au D utaona kama kazima ampu. Watu wanasema "sabufa haina besi safi" kumbe ni tofali. Ukuta wa saruji hauli besi kama ukuta wa mbao na jipsamu unaosomwa kwenye mapitio ya Wazungu. Unairudisha karibu yote.

Na ile ya inchi 10, kama tundu lake kweli liko 45 Hz, litakaa juu ya 43.5 ya chumba chako. Vimbo juu ya vimbo.

Kochi lisogeze mbele sm 60 hadi 80 kutoka ukutani. Ukiegemea ukuta unakaa pale pale besi inapojazana. Usiende katikati kabisa, mita 2, maana pale 43 Hz inafutika.

Mahali pa sabufa usipakisie. Iweke kwenye kochi, pale unapoketi. Piga wimbo wenye besi inayotembea, si ngoma moja inayojirudia. Halafu tambaa sakafuni ukipitisha kichwa kwenye kila sehemu unayoweza kuiweka, kichwa kikiwa kimo cha sabufa. Utapita kona ukasikia mvumo mzito, utapita sehemu nyingine besi imepotea, na utafika mahali noti zote zinasikika sawasawa. Hapo ndipo kwake. Kwa chumba kama chako ningeanza kusikiliza kwenye ukuta wa mbele, nje kidogo ya katikati, kisha kwenye ukuta wa pembeni karibu na spika. Kona iwe ya mwisho: inaongeza sauti, lakini inaamsha mivumo yote mitatu.

Mtaa_wa_Pili

Nimewaelewa sana. Dukani wamesema inchi 10 iliyozibwa wanaweza kuiagiza. Muuzaji anasema nisitumie SUB OUT, niunganishe kwa nyaya za spika, eti inapiga vizuri zaidi. Kuna ukweli? Halafu madirisha yangu yako wazi muda wote, joto la hapa mnalijua.

NyayaNne

Njia zote mbili ni sahihi. Kwa A-S301 anza na SUB OUT: waya mmoja wa RCA wenye kinga nzuri, unaingia tundu la LFE (la besi za sinema) au la kushoto kwenye sabufa. Hakuna kifaa kingine cha kununua. Jua tu kwamba SUB OUT hiyo haizikati besi spika zako. Zitaendelea kupiga besi yote, sabufa inajazia chini yake. Ukiseti krosova (kikomo cha juu cha masafa ya sabufa) 100 au 120 Hz zitapandana na sauti za kiume zitakuwa kama mtu anaongea ndani ya pipa.

Njia ya nyaya za spika, waliyoizoesha watu kampuni ya sabufa ya REL, inachukua sauti kutoka kwenye vituo vya spika vya ampu. Sabufa haivuti nguvu ya maana huko, kwa hiyo usiogope kulemea ampu. Waya mmoja kwenye chanya ya kulia, mmoja chanya ya kushoto, na mweusi kwenye hasi moja.

FundiKoili

Hapo kwenye mweusi weka tahadhari, NyayaNne, kuna wengine wanasoma. Kwa Yamaha hiyo ni sawa. Kwa ampu ndogo za Class D, hizi za mezani zinazotumia adapta, hasi ya spika si ethi. Ina sauti kama chanya. Ukiubandika mweusi pale unaweza kuunguza ampu. Kwenye hizo mweusi unafungwa kwenye bodi la chuma la ampu, kwa skrubu, au sehemu ya nje ya jeki ya RCA. Na kabla ya kufunga chochote, zima vyote na uchomoe ukutani.

NyayaNne

Sahihi kabisa, asante.

Kuseti sasa. Kwenye ampu BASS na TREBLE ziwe katikati, LOUDNESS kwenye FLAT, la sivyo utakuwa unaseti sabufa kufuata kosa. Krosova ya sabufa weka 55 hadi 60 Hz, kwa kuwa spika za inchi 5 zenye tundu nyingi huanza kuishiwa maeneo hayo. Ukitumia LFE angalia kitabu chake kwanza: kwenye sabufa nyingi kitufe cha krosova hakifanyi kazi kwenye tundu hilo, basi hamia tundu la kushoto.

Sauti ya sabufa ianze sifuri. Piga wimbo unaoujua, ipandishe taratibu mpaka uitambue kwamba ipo, halafu irudishe nyuma kidogo. Ukikaa ukaona sauti inatokea kwenye kona ya sabufa badala ya katikati ya spika mbili, ama umeizidisha ama krosova iko juu.

Fezi (sabufa na spika zisukume hewa kwa pamoja): piga toni ya 60 Hz, au ile uliyoweka krosova, keti kwenye kochi, mtu mwingine abonyeze swichi kutoka 0 kwenda 180. Penye besi nzito zaidi ndipo penyewe. Kama hakuna tofauti, sogeza sabufa sm 30 urudie. Ukibadilisha krosova, fezi unaipima upya.

App za simu za kupima desibeli zina mipaka. Maiki za simu nyingi zinakata besi, kwa hiyo usilinganishe 30 Hz na 60 Hz. Unaweza kulinganisha toni ileile mahali pawili, hapo haikudanganyi. Mwenye laptopu na maiki ya kipimo kama UMIK-1 atumie programu ya REW, ni ya bure.

Besi41

Swali la madirisha ni la maana sana. Chumba kidogo cha kuta nzito kikifungwa, chini ya ile 43 Hz kinaisaidia sabufa, sauti inapanda kadiri unavyoshuka. Ndiyo sababu boksi lililozibwa linaonekana kushuka chini kuliko karatasi inavyosema. Ukifungua madirisha na mlango, msaada huo unapungua sana. Kwa hiyo seti sabufa madirisha yakiwa kama yanavyokaa siku zote. Ukiseti usiku umefunga, mchana utaona imenyauka.

Kwa jirani nako ni hivyo hivyo: besi nyingi inamfikia kupitia madirisha na mlango, si sakafu ya zege. Vipande vinne vya mpira chini ya sabufa vinazuia isitembee na isigonge vigae, lakini havimnyamazishii jirani besi. Kinachomsaidia ni kuitoa kwenye ukuta mnaoshea na kuacha kona.

Kuhusu udogo, wenye hela wana njia. KEF KC62 ni kama sm 25 kila upande, koni mbili za inchi 6.5 zinasukumana mgongo kwa mgongo ili boksi lisitikisike, na ampu ya wati 1000. Wati zote hizo ni adhabu ya udogo. Ukiweza kubana nafasi kidogo nyingine, SVS SB-1000 Pro ina koni ya inchi 12 kwenye boksi lililozibwa lenye upana wa sm 33, kina kinazidi kidogo, na inatosheka na wati 325. Koni kubwa ni rahisi kuliko ampu kubwa.

Mpwani_Mkongwe

Mtakaonunua iliyotumika, bonyeza kwa kidole ule ukingo unaozunguka koni. Wa mpira unarudi. Wa sponji ukikatika au ukiacha unga kidoleni, achana nayo. Joto na unyevu wa pwani humaliza sponji mapema. Chungulia chini ya boksi pia, MDF iliyonyonya maji ya kudekia inavimba kwenye pembe, na boksi lililozibwa likivuja halijazibwa tena. Angalia voltesheni kabla ya kuchomeka: zilizotoka Marekani nyingi ni 120V tu.

Ukiunganisha ukasikia "mmmm" isiyoisha hata muziki ukizimwa, chomoa waya wa RCA upande wa sabufa. Ikinyamaza, ni mzunguko wa ethi: sabufa na ampu zichomeke kwenye ekstensheni moja, na waya wa dishi au king'amuzi uuchomoe ujaribu, huyo ndiye mkosaji mara nyingi. Usikate pini ya ethi hata fundi akikwambia. Ikiendelea kuvuma RCA ikiwa nje, tatizo liko ndani ya sabufa yenyewe, irudishe dukani.

Na ile swichi ya AUTO nyuma: ukisikiliza kwa sauti ndogo usiku sabufa itajizima katikati ya wimbo, kwa kuwa haipati ishara ya kutosha. Weka ON.