Mageuzi ya polisi Nairobi: barabarani kuna simu, ndani ya seli kuna nani?

MKAAZI WA JOGOO ROAD (mwanzilishi wa mjadala)

Nianze na visa viwili vya Juni 2025, vyote vya katikati ya Nairobi, vikiwa vimepishana siku chache tu.

Cha kwanza ni cha Albert Ojwang, mwalimu aliyekuwa akiandika mtandaoni. Alikamatwa Homa Bay, akasafirishwa hadi kituo cha polisi cha Central, na hakutoka hai. Polisi wakasema aligonga kichwa ukutani mwenyewe. Upasuaji wa maiti ukaonyesha majeraha ya kichwa na dalili za kubanwa shingo, ambazo hazielezeki kwa ukuta. IPOA, mamlaka huru inayochunguza mienendo ya polisi, ilipofuata picha za kamera za kituo, ikakuta mitambo imeshachezewa.

Cha pili kilitokea tarehe 17, watu wakiandamana kwa ajili ya huyo huyo Ojwang. Mchuuzi wa barakoa akapigwa risasi ya kichwa na askari aliyesimama hatua chache kutoka kwake. Lakini hapo simu zilikuwa zikirekodi. Jioni nchi nzima ilikuwa imeona, askari akakamatwa upesi, na hakuna aliyethubutu kuleta hadithi ya ukuta.

Visa vyote viwili vimefika mahakamani, kwa hivyo sitahukumu mtu. Ninachotaka tujadili ni tofauti ya ushahidi. Barabarani ulikuwa mikononi mwa wananchi. Kituoni ulikuwa mikononi mwa kituo.

Tangu ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, Tume ya Waki iliyozichunguza ilipohesabu watu 1,133 waliokufa, 405 kati yao kwa risasi, tumefanya mengi. Jopo la Ransley la mageuzi ya polisi 2009. Katiba 2010. Sheria ya Huduma ya Polisi na ile ya IPOA 2011. Maafisa wakapigwa msasa, 2018 wakavishwa sare ya buluu, na jopo la Jaji Maraga, nalo la mageuzi ya polisi, likakabidhi ripoti yake 2023. Sidharau hata moja. Ila usiku wa manane, mtu akiwa ndani, kalamu ya OB, kitabu cha matukio cha kituo, inashikwa na nani? Na yule anayelalamikiwa, au na mwenzake wa zamu.

Pendekezo langu: kila kituo cha Nairobi, picha za seli na kila andiko la OB nakala yake iende IPOA papo hapo, pasiwe na OCS (mkuu wa kituo) wala fundi wa kituo anayeweza kuifuta. Hili litaokoa maisha, au ni zabuni nyingine ya kamera?

MAMA DUKA, PIPELINE

Ni zabuni nyingine. Serikali na Safaricom walitia saini mradi wa shilingi bilioni 14.9 mwaka 2014, kamera 1,800 za Nairobi na Mombasa. Mimi nafungua duka saa kumi na moja alfajiri. Walionivamia hawakuonekana na kamera hata moja, na nilipokwenda kuripoti niliambiwa gari lipo ila halina mafuta, nichange. Nikachanga! Gari lenyewe halikufika.

Nyinyi mnazungumzia aliye ndani ya seli. Sisi tulio nje tunaibiwa kila siku. Kwangu mageuzi ni askari apite hapa kwa miguu kabla hakujakucha.

MZEE WA BURU

Mama Duka, pole sana. Lakini wewe na mwanzilishi hamgombani, mafuta ya kuchangisha na kamera iliyochezewa ni ugonjwa wa aina moja.

Nataka tu vijana wakumbuke tulikotoka. Miaka ya themanini mtu alishushwa vyumba vya chini vya Nyayo House, akatiwa kwenye maji, akaletwa kortini jioni akiwa amekiri, na hakuna gazeti lililoandika. Leo askari anashtakiwa na anafungwa. Wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wa teksi waliuawa Juni 2016. Julai 2022 Mahakama Kuu ikawatia hatiani maafisa watatu na raia mmoja, na Februari 2023 Fredrick Leliman, mmoja wa maafisa hao, akahukumiwa kifo. Enzi zetu hiyo ingekuwa ndoto. Msiseme hakuna kilichobadilika.

HURUMA KWETU

Shikamoo mzee. Lakini kesi hiyo uliyoitaja mbona inamsaidia mwanzilishi? Waliofungiwa pale kituo cha polisi cha Syokimau waliandika ombi la msaada kwenye kikaratasi cha shashi wakakirusha nje, mpita njia akakiokota. Kikaratasi hicho kikawa sehemu ya ushahidi. Si OB! Haki ya watu watatu ilibidi itegemee mtu asiyewajua ainame barabarani. Na ilichukua miaka sita.

Sasa nimkosoe mwanzilishi. Kamera yako inamsaidia aliyefikishwa kituoni. Huku Mathare, Huruma na Kiamaiko kuna vijana wasiofika kituoni kabisa. Machi 2020, wakati wa kafyu ya korona, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko. OB ingemwandika wapi? Na 2024, baada ya maandamano ya Mswada wa Fedha, watu walibebwa na magari yasiyojulikana, kila kituo ukienda unaambiwa hayupo.

Halafu kuna neno gumu ambalo watu wa mtaa hatulisemi mbele ya wageni. Mwizi akiuawa, wapo majirani wanaoshangilia. Nimewasikia. Wamechoka kuporwa, kama Mama Duka. Askari anayeua anajua ana wapiga makofi, na ndio maana mashahidi hawapatikani. Ukisimama kortini unapingana na polisi na pia na jirani aliyeporwa simu wiki jana.

MAMA DUKA, PIPELINE

Mwanangu, usiniweke kwenye hao wapiga makofi. Nilitaka aliyeniibia ashikwe. Sikuomba auawe.

HURUMA KWETU

Samahani mama, sikukusudia hivyo.

NYUMBA YA ASKARI

Mimi ni mke wa konstebo, hapa hapa Nairobi. Nimesoma yote kimya, sasa niseme.

Amri ya 2018 ilituambia tuondoke kwenye kambi, tupewe marupurupu ya nyumba, tuishi na raia. Ikaitwa mageuzi. Mwenye nyumba wa kwanza akasikia kazi ya mume wangu, akasema chumba kimeshachukuliwa. Tulipopata pengine, mume wangu akawa anabeba sare kwenye mfuko ili majirani wasijue. Maandamano yakianza analala kazini, na mimi watoto nawazuia kucheza nje. Nyongeza ya mshahara iliyotokana na ripoti ya Maraga tunaiona, hatukatai, lakini inakuja kwa awamu na kodi ya nyumba haisubiri awamu.

Hilo la kamera mimi naliunga mkono kuliko nyote. Mnajua kwa nini? Mambo yakiharibika, konstebo anapigwa picha akiwa kizimbani. Mkubwa aliyempigia simu kumwamuru anahamishwa kituo tu. Kama mnataka nakala zitunzwe nje ya kituo, tunzeni na mawasiliano ya redio, na kitabu cha silaha kinachoonyesha nani alitoa bunduki, kwa nani, saa ngapi, kwa amri ya nani. Mkiacha hayo mtakuwa mmeweka kamera ya kumwangalia mdogo peke yake.

MZEE WA BURU

Hapo dada umegusa penyewe.

WAKILI WA MAKADARA

Nirekebishe mambo mawili matatu, kwa sababu naona IPOA inapewa nguvu isizokuwa nazo.

IPOA inachunguza na kupendekeza. Anayeamua kushtaki ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Faili linaweza kwenda na kurudi kati ya ofisi hizo mbili hadi shahidi ahame mtaa. Pili, tayari sheria inamtaka polisi aijulishe IPOA kila kifo au jeraha baya lililosababishwa na afisa, na Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Polisi linamtaka aliyefyatua risasi aripoti. Amri ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kujua kwamba haikufuatwa, maana anayetakiwa kutoa taarifa ndiye mwenye sababu ya kunyamaza. Kwa hiyo nakubaliana na mwanzilishi, ila asidhani anapendekeza jipya. Anapendekeza kumpokonya mshukiwa hiari.

Kuhusu wasiofikishwa kituoni, Huruma Kwetu ana haki. Lakini tazameni: Agosti 2024 Mahakama Kuu iliamuru maafisa wanaosimamia maandamano wavae sare na watambulike. Jamani, ilibidi twende kortini ili askari aonekane kuwa ni askari! Na mwaka uliofuata bado tuliona waliofunika nyuso.

Nyongeza ambayo watu hawaizungumzii: tangu 2017 tuna Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Makorona, yaani wachunguzi wa vifo, inayotaka vifo vya namna hii vichunguzwe na ofisi iliyo mbali na polisi. Miaka imepita sheria ikiwa karatasini. Familia ya marehemu bado inatafuta daktari wake wa kushuhudia upasuaji, na asiyekuwa na uwezo anazika bila kujua.

MKAAZI WA JOGOO ROAD

Nimesoma. Huruma Kwetu, kweli pendekezo langu halimfikii aliyepigwa risasi mtaani. Lakini linagusa aliyebebwa. Kama OB za jiji zote zinaonekana sehemu moja nje ya polisi, jibu la “hayupo hapa” linaweza kupimwa ndani ya dakika chache, badala ya ndugu kuzunguka kutoka Central hadi Kamukunji hadi Muthaiga huku saa 24 ambazo Katiba inatoa za kumfikisha mshukiwa kortini zikiyoyoma. Na asipoonekana popote, huo nao ni ushahidi: wakili anakwenda kwa jaji asubuhi hiyo hiyo.

Dada Nyumba ya Askari, kitabu cha silaha na redio nimeviingiza. Naona ndivyo vitakavyopingwa zaidi na wakubwa, kuliko kamera.

Mama Duka, swali lako sijalijibu na sitajifanya nimelijibu. Kamera ya seli haikurudishii mali.

MAMA DUKA, PIPELINE

Haya, angalau umekiri. Basi ongeza na hili kwenye orodha yako: nikiripoti wizi, nambari yangu ya OB nayo iende huko huko nje, ionekane niliripoti lini na nani alikuja. Maana hadi leo nikiuliza faili langu naambiwa afisa aliyekuwa nalo alihamishwa.

WAKILI WA MAKADARA

Hilo halihitaji hata sheria mpya. Inspekta Jenerali anaweza kulitoa kama agizo kwa vituo vyote vya Nairobi, na OB ya kidijitali imeshaahidiwa. Anayepinga aje hapa aseme ni gharama gani inayomzuia.