Kufunga kizazi bila kisu, hiyo ya kispiringi bado ipo?

mamaK_Mbagala
Habari za jioni wadau. Nina mimba ya nne na nitajifungua kwa operesheni kama hao wengine, mimi na mzee tumeshakubaliana tunafunga kabisa, sasa wifi yangu yuko Marekani ananiambia nisikubali kukatwa mirija eti kule wanapitisha kispiringi huku chini, hakuna kisu na unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Ni kweli? Na mbona kliniki hawajaniambia?

nesi_wa_zamu
Hongera dada. Wifi hadanganyi ila habari yake imechacha. Hiyo ni Essure, Marekani waliiruhusu 2002. Waya wa nikeli na titani wenye nyuzi za polista ndani, na kazi yenyewe zilifanya hizo nyuzi, zinachokoza mrija mpaka nyama inaota na kuziba. Miezi mitatu hivi unaendelea na njia nyingine halafu unapigwa picha ya mirija kuhakikisha, sasa kuna ambao hawakurudi kupigwa picha wakashtukia mimba. Wengine kilitoboa kikaingia tumboni, wengine maumivu na damu zisizoisha, na kukitoa ni operesheni, yaani kisu ulichokikimbia unakikuta mbele. Bayer, kampuni iliyokuwa inakiuza, wakaacha kukiuza kule mwisho wa 2018, na 2020 wakakubali kutoa kama dola bilioni 1.6 kumaliza sehemu kubwa ya kesi za wanawake walioshtaki, zilikuwa kama 39,000.

kijana_wa_maabara
Siku hizi wanatafuta kitu kisichobaki mwilini. Kuna FemBloc, polima ya majimaji inaingizwa kwenye mirija, inasababisha kovu linaloziba halafu yenyewe inayeyuka na kutoka. Ulaya wamepata kibali 2025, Marekani bado ni majaribio. Mi naipenda kiukweli, ila kovu kila mwili unaota la kwake kwahiyo kurudi kupimwa kupo palepale.

Bi_Nuru
Mkuu na ile kwinakrini je? Dawa ya malaria hiyo, vidonge vinawekwa ndani ya kizazi ili mirija iungue izibe, Vietnam wakawawekea wanawake zaidi ya 31,000, India wakaja kupiga marufuku 1998. Mimi nikisikia teknolojia mpya ya kizazi nauliza kwanza anajaribiwa nani.

mamaK_Mbagala
Mungu wangu. Na huku kukatwa hakufeli?

nesi_wa_zamu
Kunafeli, mara chache. Kuna utafiti wa Marekani unaitwa CREST, walifuatilia wanawake 10,685, ukichanganya njia zote ndani ya miaka 10 kama 18 kwa kila 1,000 walishika mimba, ila waliokatwa mara tu baada ya kujifungua ni 7 au 8. Na wewe tumbo litakuwa wazi tayari, ni dakika chache tu zinaongezeka. Muulize daktari kama anaweza kutoa mirija yote badala ya kukata kipande, maana saratani nyingi za ovari zinaanzia humo kwenye mirija. Ila fomu ya ridhaa isaini mapema, usije ukaletewa uchungu umeshashika unasaini usichokisoma.

kijana_wa_maabara
Na mzee je? Vasektomi ni ndogo kuliko yote haya, sindano ya ganzi na tundu dogo tu.

mamaK_Mbagala
Nimemsomea hiyo kwa sauti, amechukua funguo anasema anaenda kuangalia mpira 😂