Wakala wa ziara ya Nantes ametutoza kiingilio cha bure na kuturusha ukumbusho wa watumwa

Ndugu wanajamvi, nimekaa na jambo hili wiki mbili nikidhani hasira itapoa, na haijapoa. Mwezi Oktoba, watoto walipofunga shule, nililipia ziara ya familia ya siku moja mjini Nantes, Ufaransa, kwa wakala anayejitangaza kwa Kiswahili miongoni mwetu tunaoishi Ulaya. Tangazo lake lilitaja makumbusho ya historia yaliyomo katika ngome ya watawala wa zamani wa Bretagne, ukumbusho wa kukomeshwa kwa utumwa, na kupanda tembo mkubwa wa mbao na chuma.

Alitupeleka Jumatatu, siku ambayo makumbusho hayo hufungwa isipokuwa katika msimu wa kiangazi, na mtu anayeishi kwa kuuza ziara za mji huo hawezi kudai kwamba halijui hilo. Tuliishia uani na juu ya kuta, mahali ambapo kila mpita njia huingia bure, ilhali risiti yangu inasema "kiingilio cha ngome, watu watano". Humo ndani ndimo ulimo mchoro wa meli ya Marie-Séraphique, unaoonyesha jinsi mateka walivyopangwa chini ya sitaha, na nilikuwa nimemwandaa binti yangu mkubwa kuuona.

Hilo ningelimeza. Lisilomezeka lilitokea kando ya mto Loire. Nantes ilikuwa bandari kuu ya Ufaransa katika biashara ya watumwa, ikiwa na misafara zaidi ya 1,700, na tangu mwaka 2012 majina ya meli hizo yapo gatini, yameandikwa kwenye vipande vya kioo vilivyolazwa ardhini. Binti yangu alikuwa amechuchumaa, anafuta umande kwa mkono wa sweta ili asome jina na tarehe, kiongozi wa ziara akapiga makofi na kusema twendeni, mahali hapa panawahuzunisha watoto, tembo anasubiri. Ngazi za kushukia chini, kwenye ukumbusho wenyewe, hatukuzikanyaga, ingawa kuingia ni bure na nusu saa ingetutosha.

Sisi asili yetu ni Kilwa. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa ili apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka. Kwa idhini ya nani Mswahili mwenzangu anaamua kwamba wanangu wasiyajue haya?

Tembo mwenyewe ni wa ajabu, sikatai: ana kimo cha mita 12, anatembea, anarusha maji kwa mkonga, na mwanangu mdogo alilowa akacheka hadi akakaa chini. Lakini hatukumpanda, kwa kuwa tiketi tulizolipia hazikuwa zimenunuliwa.

Nimemwandikia wakala mara tatu, naye amejibu mara moja tu kwamba ratiba inaweza kubadilika. Nataka anirudishie fedha za kiingilio na za tembo, na aufute ukumbusho kwenye tangazo lake mpaka atakapokuwa tayari kuwashusha watu ngazi zile. Aliyewahi kusafiri naye aeleze hapa yaliyompata, na kama ana risiti, aiweke.