Sifongo za Ziwa Tanganyika: nani alizichunguza, na hutunzwaje makumbushoni?

Mwalimu_Ujiji
Wanajamvi, salaam. Nafundisha biolojia sekondari hapa Ujiji. Mwanafunzi mmoja alileta darasani jiwe alilolizamia upande wa Katonga, limegandwa na kitu cha kijani, kigumu kama ukoko wa wali. Nilimwambia ni mwani, tena kwa kujiamini kabisa. Alijisugua nacho mkononi kwa utani, akakaa anajikuna vipindi viwili. Na tulipokikwangua na kukitazama kwa hadubini, tukaona vijiti kama sindano za kioo. Kumbe ni sifongo ya maji baridi, yaani mnyama. Je, nani waliozichunguza zamani sifongo za ziwa letu, na makumbusho yana sababu gani ya kutunza ukoko mkavu kwa zaidi ya miaka 100?

Mstaafu_Kibirizi
Mwalimu, usijilaumu. Wasomi wa Ulaya nao walibishana sana kama sifongo ni mmea au mnyama, mpaka Robert Grant alipoketi na hadubini yake huko Edinburgh, miaka ya 1820, akayaona maji yakisukumwa nje kupitia matundu makubwa.

Kwa ziwa letu, Mwingereza J. E. S. Moore alifika karne ya 19 ikielekea ukingoni, akishikilia kwamba Tanganyika iliwahi kuungana na bahari, kwa kuwa konokono wake wanafanana na wa baharini. Hoja hiyo haikudumu, ila vielelezo alivyovibeba vilidumu: mwaka 1899 Richard Evans alieleza spishi mbili mpya za sifongo za ziwa hili, moja akaiita Spongilla moorei. Mwingereza mwingine, W. A. Cunnington, alifuata mwaka 1904 na 1905, na sifongo zake zikaangukia mikononi mwa Randolph Kirkpatrick wa makumbusho ya historia asilia London, aliyetoa ripoti yake mwaka 1906.

Huyu Kirkpatrick ndiye anayenivutia. Mwaka 1908 alieleza Merlia normani, sifongo ya baharini yenye sindano za silika (madini ya kioo) na, papo hapo, msingi wa chokaa kama wa marijani, jambo ambalo wengi waliona haliwezekani. Kisha akajiharibia mwenyewe: alianza kuandika kwamba karibu miamba yote ya dunia, hata ya volkeno, imejengwa na magamba ya viumbe wadogo wa baharini. Watu wakamcheka, na Merlia wake ikasahauliwa pamoja naye, hadi mwaka 1970 watafiti Hartman na Goreau walipoeleza sifongo za namna hiyo kutoka Jamaika, ikaonekana kwamba katika hilo mzee alikuwa sahihi.

Binti_Kasulu
Shikamoo mzee. Naongezea kuhusu utunzaji. Umbo la sifongo hubadilika kwa mkondo na mwanga, kwa hiyo jina lake hutafutwa kwenye zile sindano. Kipande kile cha kwanza kilichopewa jina ndicho rejea: ukipata sifongo leo Kigoma, unalinganisha sindano zake na za kile, si na maneno ya kitabu peke yake. Ndiyo maana hakitupwi.

Darasani, Mwalimu, loweka kipande kidogo kwenye jiki mpaka nyama iyeyuke, suuza mara kadhaa, kisha weka tone la mashapo kwenye slaidi. Kipande kingine kitie kwenye spiriti kali (gongo haifai, mniwie radhi), na uibadilishe baada ya siku moja, kwa kuwa sifongo hubeba maji mengi yanayoipunguza nguvu spiriti. Lebo iandikwe kwa penseli na ikae ndani ya chupa. Wino wa kalamu huyeyuka.

Mtu_wa_Tabora
Sawa, lakini inaniuma kwamba mwanafunzi wa Kigoma akitaka kukiona kipande cha ziwa lake lazima apande ndege. Picha za slaidi za makumbusho zingewekwa mtandaoni zote, tungeanzia hapo.

Mwalimu_Ujiji
Nimewaelewa, ndugu zangu. Chupa iko tayari na lebo imeandikwa kwa penseli: Katonga, tarehe, jina la mwanafunzi. Sehemu ya kina cha maji imebaki wazi, kwani kijana anasema tu kwamba masikio yalianza kumuuma. Jumamosi tunarudi na kamba yenye mafundo.