Naomba ushauri: ukoo wa Haugen, Minnesota, kabla ya 1865

Habari za leo wakuu. Nafuatilia wakulima Wanorwei waliofika Minnesota mwaka 1861 kupitia Quebec. Orodha za abiria za Quebec zinaanzia 1865 na daftari za polisi za wahamiaji za Kristiania (Oslo ya leo) 1867, kwa hiyo huko kote patupu. Sensa ya Marekani ya 1870 inataja nchi ya kuzaliwa tu, basi. Haugen ni jina la shamba, na mashamba hayo yametapakaa Norwei nzima. Digitalarkivet (tovuti ya nyaraka za kale ya Norwei) nikitafuta kwa Olsen, jina linalotokana na la baba, yaani mwana wa Ole, majibu ni utitiri. Tarehe ya kuzaliwa ninayo, parokia sina.

Nianzie daftari za kanisa la Kilutheri Minnesota, au orodha za waliohama kwenye vitabu vya parokia Norwei? Na ule utaratibu wa kifungua mimba wa kiume kurithi jina la babu mzaa baba unategemeka kiasi gani?