Tupeane uzoefu: rivebu ya ndani ya amplifaya au pedali ya nje?

Gitaa_Mbale: Wakuu, anayenunua ampu ya mtumba Kampala achague ipi, yenye rivebu (mwangwi wa kuongezwa kwenye sauti) ndani au ile kavu, isiyo nayo, halafu aongeze pedali, kile kisanduku cha kukanyaga? Hasa mpigaji wa kanisani na harusini.

FundiAmpu: Kwanza ujue unauziwa nini. Ampu nyingi ndogo za siku hizi zina chipu ya dijitali tu, na pedali ya kawaida huishinda. Rivebu ya springi ni sanduku la bati, yaani tangi, sakafuni mwa kabati la ampu, urefu kama sentimita 43, au 24 kwa fupi, lenye springi 2 au 3. Kampuni ya Fender ya Marekani waliiuza kama sanduku la pembeni tangu 1961, wakaiingiza ndani ya ampu mwaka 1963 na ampu yao ya Vibroverb.

Kuikagua: washa, fungua Reverb nusu, tikisa kabati kidogo. Tangi zima litanguruma. Likinyamaza, zima umeme, chomoa nyaya mbili za RCA (plagi ndogo kama za redio na deki), pima tangi kwa mita ya omu. Lile la namba ya modeli 4AB3C1B, la ampu nyingi za Fender, husoma chini kidogo ya omu 1 upande wa kuingia na kama 200 upande wa kutoka. Mita isiposoma kitu, kiwaya cha koili kimekatika, na mara nyingi ni pale kinapoungana na tundu la RCA. Hapo kulehemu kunatosha.

Tangi jipya lisome herufi za namba yake. "A" ya kwanza ni omu 8 za kuingia, kwa saketi yenye transfoma. Ampu nyingi za transista hutaka omu mia kadhaa. Ukiipa la omu 8, saketi yake ya kusukuma tangi inaelemewa na sauti inakwaruza.

Sebene256: Kwa harusi ssebo (bwana), mimi nasema pedali. Ampu ikifungwa nyuma ya boda kwenye barabara ya vumbi, springi hunyofoka kwenye kulabu zake. Hata jukwaani, mbao zikitikiswa na besi, tangi linaanza kuvuma lenyewe. Kama tayari unayo ya springi, weka sponji nene chini ya kabati.

Gitaa_Mbale: Pedali niichomeke wapi?

Sebene256: Distoshoni, yaani mkwaruzo wa sauti, ikitoka kwenye pedali, rivebu iwe ya mwisho kabla ya ampu. Ikitoka ndani ya ampu yenyewe, tumia matundu ya Send na Return nyuma ya ampu (sauti hutoka kwenda kwenye pedali na kurudi baada ya mkwaruzo), mchanganyiko wa rivebu asilimia 20 hadi 25. Ampu isiyo na matundu hayo na inayokwaruza kwa ndani itakuvurugia kila noti, kwa sababu mwangwi nao unakwaruzwa. Kwa mwenye ampu hiyo tangi la ndani ni bora, maana kwa kawaida limekaa baada ya hatua ya mkwaruzo.

Adapta nayo isome: volti 9, hasi katikati, na miliampea zilizoandikwa kwenye pedali. Za dijitali nyingi hutaka 100 hadi 300. Ukizilisha kwa waya mmoja na pedali nyingine unapata kelele nyembamba ya juu, basi ipe adapta yake.

Nyuzi_Gulu: Nyongeza kuhusu kanisa. Ukumbi wa mabati na sakafu ya saruji una mwangwi wake tayari, na mtu wa mikisa (fundi wa sauti) huongeza wake juu. Kubalianeni ni nani anaweka rivebu kwenye gitaa. Kadongo kamu, muziki wa gitaa wa Uganda, hubebwa na maneno, kwa hiyo mkia wa mwangwi uwe mfupi, chini ya sekunde 1 na nusu. Na ampu ya Marekani ya volti 120 isichomekwe kwenye 240 zetu bila transfoma ya kushusha, hata kwa kuijaribu dukani.