Mrejesho: Mikocheni, Mbezi Beach au Goba?

Wakuu, niliuliza ninunue wapi nyumba ya kujitegemea hapa Dar: Mikocheni, Mbezi Beach au Goba. Nimeangukia Goba.

Mikocheni bei ilinitoa jasho. Pale unalipia kiwanja. Nyumba yenyewe ya zamani, muuzaji mwenyewe anakwambia utaibomoa. Mbezi Beach nilipata ya vyumba vitatu iliyonifaa kabisa, dalali akaanza: "Kuna mtu analeta hela kesho." (Huyo mtu wa kesho yupo kila nyumba!) Mlionishauri nifanye upekuzi wa hati ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata shilingi, Mungu awabariki. Hati ilikuwa na rehani ya benki. Nikaaga.

Ya Goba ina hati ya miaka 99, mke wa muuzaji amesaini ridhaa mbele ya wakili, na mjumbe wa mtaa anawafahamu. Tumeandikiana kwamba kodi ya ongezeko la mtaji (ile ya faida ya kuuza) analipa muuzaji, ushuru wa stempu (wa nyaraka za mauziano) mimi. Foleni ya asubuhi kwenda Posta, katikati ya jiji, ipo, sidanganyi. Maji nayo ni ya mgao, kwa hiyo simtanki kwanza, geti baadaye. Uhamisho wa hati bado unashughulikiwa.